Kemikali Isitangulie Maelezo



Mafuta yalithibitishwa magharibi mwa Uganda mwaka 2006, na Turkana nchini Kenya mwaka 2012. Tangu hapo vijana wetu wa Masafu, Busia na Tororo wanaulizia kazi za visimani. Sisi wa chama tunapenda wazipate. Lakini lazima tujue kazi yenyewe ni ya namna gani.

Kisima hakitoi mafuta yote kwa nguvu zake. Mengi hubaki ndani ya mwamba. Huko Texas, Marekani, tangu mwaka 1972 wanasukuma hewa ya ukaa chini ya ardhi ili iyatoe. Ni hewa ile ile inayotoa povu katika soda. Taabu ni kwamba inateleza mno. Ni kama kusukuma uji mzito kwa maji: maji hujipenyeza na uji hubaki. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta polimeri, ndugu yake plastiki, ya kuifanya hewa hiyo iwe nzito. Zile zenye florini zimeweza, lakini ni ghali, na kemikali za jamii hiyo hukaa ardhini na majini miaka mingi bila kuoza. Njia hii bado haijaenea visimani.

Hatupingi elimu. Tunauliza: nani atafungua pipa? Nani ataingia kusafisha tangi?

Hewa ya ukaa haina harufu, hutuama bondeni, na huua. Mwaka 1986 ilitoka katika Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700. Mwaka 2020 bomba lake lilipasuka Satartia, Mississippi, na watu 45 wakapelekwa hospitali.

Hapa kwetu wachimba dhahabu wa Busia wanajua jambo hili. Zebaki ilifika mikononi mwao kwanza. Maelezo yakaja nyuma, na wengine hayajawafikia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo. Basi tudai mapema, kabla ya mkataba kutiwa sahihi: jina la kila kemikali, madhara yake, vifaa vya kujikinga na vipimo vya hewa, yote yakielezwa kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kijopadhola. Karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ukutani haimlindi asiyeisoma.

Mshahara tunautaka. Mapafu yetu hayamo katika bei.