Anayetoa Habari za Homa Asifungiwe Soko

Oktoba 1977, mjini Merca, kusini mwa Somalia, mpishi wa hospitali aliyeitwa Ali Maow Maalin alishikwa na homa, kisha akatokwa na upele. Siku kadhaa kabla ya hapo alikuwa amepanda gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Madaktari walidhani ana malaria, baadaye wakasema ni tetekuwanga, akarudi zake nyumbani. Yeye mwenyewe alishuku ukweli, ila hakutaka kupelekwa kambi ya kutengwa. Muuguzi aliyefanya naye kazi ndiye aliyetoa habari, na kwa kufanya hivyo akalipwa zawadi ya fedha. Maalin akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida.

Kenya nayo ilikuwa imewaona wagonjwa wake wa mwisho mwanzoni mwa mwaka huohuo, huko Mandera, ugonjwa ukiwa umevuka mpaka kutoka Somalia. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaahidi dola 1,000 za Marekani kwa yeyote atakayetoa habari za mgonjwa wa ndui, mradi ugonjwa uthibitishwe. Waliosimamia kampeni ile hawakuona haya kuzungumzia pesa. Walijua kwamba anayehamahama na mifugo huuona ugonjwa kabla ya daktari, na kwamba habari zake zina thamani.

Busara hiyo haikudumu. Katika ukanda uleule, kwa ugonjwa mwingine, mfugaji anayetoa habari leo huambulia adhabu. Ugonjwa huo ni homa ya Bonde la Ufa, na adhabu yenyewe ni kufungiwa soko.

Virusi vya homa hiyo vilitambuliwa mara ya kwanza mbali na Garissa, mji wa kaskazini mashariki mwa Kenya, katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Lakini mzigo wake mzito uliwaangukia watu wa Kaskazini Mashariki. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilifunika tambarare za Garissa kwa maji, barabara zikakatika, na watu wakaanza kufa huku wakitokwa na damu. Kufikia mwisho wa Desemba, vifo 478 ambavyo chanzo chake hakikujulikana vilikuwa vimeripotiwa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee. Wapo waliotokwa na damu kwa sababu ya kirusi kingine, ambacho wanasayansi walikipa kwanza jina la Garissa kabla ya kugundua kuwa ni kirusi cha Ngari kilichokwishajulikana. Katika msimu mmoja wa mafuriko, watu walikuwa wakikabiliwa na virusi viwili, na njia ya kuwafikia haikuwepo.

Homa hii ina mpangilio unaofahamika. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde madogo yanayotuama maji. Mvua zikikoma, mayai hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, mengine yakiwa na virusi tayari. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakatuama kwa wiki kadhaa, mbu huibuka kwa wingi na kuwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Dalili ya kwanza huonekana zizini, si hospitalini: kondoo wenye mimba huzitupa karibu kwa pamoja, na wanakondoo wachanga hufa kwa siku chache.

Hapo ndipo binadamu huingia hatarini, tena kupitia kazi za kila siku. Kondoo anayehangaika kuzaa husaidiwa kwa mikono mitupu. Mfugaji hukivuta kitoto kilichokufa, maji na damu vikimtiririka hadi kwenye viwiko, kisha hunawa kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye jerikani. Mnyama akidhoofika zaidi, mwenyewe huharakisha kumchinja, kwa sababu akifa kibudu nyama yake ni haramu na mali yote imepotea. Damu ya mnyama huyo ndiyo yenye hatari kuu. Uchunguzi wa 1997-98 uliona kwamba waliogusa majimaji ya miili ya kondoo, na waliolala na mifugo ndani ya nyumba zao, ndio walioambukizwa zaidi. Wengi hupata homa na maumivu ya viungo, wakapona. Wachache hupofuka, wengine huvimba ubongo, na kwa wanaofikia hatua ya kutokwa na damu, takriban nusu hufa. Binadamu hana chanjo iliyoidhinishwa. Iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford ilianza kujaribiwa kwa watu Uingereza, kisha Uganda, na bado haijafika mikononi mwa mchinjaji wa Garissa.

Mwaka 2006 ungepaswa kuwa tofauti na 1997. Sayansi ilikuwa imepiga hatua. Mwaka 1999 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, likisomwa pamoja na picha za setilaiti za ukijani wa ardhi, huweza kutabiri mlipuko wa homa hii miezi kadhaa mapema. Septemba 2006 bahari zilianza kupata joto. Novemba, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari kwa nchi za Pembe ya Afrika.

Wafugaji wa Ijara na Garissa nao hawakuwa wakisubiri picha za setilaiti. Waliona mvua isiyo ya kawaida, waliona mbu wa aina ambayo hawakuwa wameiona tangu 1997, na waliona mimba zikitupwa. Ugonjwa waliutambua kwa jina lao la Kisomali, sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Watafiti walipowahoji baada ya mlipuko, masimulizi yao yaliwezesha kupanga tarehe za matukio: takriban wiki tatu tangu mvua kubwa hadi makundi ya mbu, siku 17 hivi hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku nyingine 17 au 18 hadi mtu wa kwanza. Kisha takriban siku 30 zikapita kabla ya huduma za afya kufika. Mwezi mzima! Chanjo ya mifugo ilianza kutolewa Januari 2007, watu wakiwa wameshaanza kuzikwa, na wataalamu wa mifugo wanajua kuwa kuchanja katikati ya mlipuko ni hatari, kwa sababu sindano moja ikitumiwa kwa mnyama zaidi ya mmoja huweza kusambaza virusi vilevile inavyokusudiwa kuvizuia.

Mlipuko ule uliwaua watu 155 kati ya wagonjwa 684 waliohesabiwa Kenya. Ulivuka hadi Tanzania, ambako watu 109 walifariki.

Hatua ya serikali iliyoonekana haraka zaidi ilikuwa marufuku. Ugonjwa ulithibitishwa katika nusu ya pili ya Desemba 2006, Idd-ul-Hajj ikiwa mlangoni. Uchinjaji ukapigwa marufuku, mifugo ikazuiwa kuhamishwa, masoko yakafungwa. Kiafya, hatua hiyo ilikuwa sahihi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inaipa serikali uwezo huo, na hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kutetea kondoo mgonjwa kuuzwa Nairobi. Lakini nani aliyelipia usalama huo? Hasara kwa uchumi wa Kenya ilikadiriwa kupita shilingi bilioni 2.1. Aliyeibeba ni mfugaji aliyekosa kuuza mbuzi ili anunue unga na sukari, dalali wa soko la Garissa, mpakiaji wa malori, mwenye bucha, na mama anayeuza maziwa mjini. Mlaji wa Nairobi alibadilisha kitoweo, akanunua kuku na samaki.

Maadili ya afya ya umma yana kanuni isiyo na utata: jamii ikimtaka mtu ajinyime riziki kwa ajili ya usalama wa wote, jamii hiyo inamdai naye anaidai. Kanuni hii haihusu huruma tu. Inahusu pia matokeo, na Kenya ina ushahidi wake. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, watu waliowekwa karantini kwa lazima walitozwa gharama ya kukaa huko. Wakenya wengi wakaogopa kupimwa, si kwa hofu ya ugonjwa bali kwa hofu ya bili. Mapema Mei mwaka huo Wizara ya Afya ikatangaza kwamba serikali ingegharamia karantini katika vituo vyake. Ikiwa mkazi wa mjini mwenye mshahara alificha kikohozi kwa kuogopa bili ya wiki mbili, mfugaji wa Hulugho, kaunti ya Garissa, mwenye kondoo 40 afanye nini anapojua kwamba simu moja kwa afisa wa mifugo inaweza kufunga soko la kaunti nzima kwa miezi?

Wafanyabiashara wa mifugo katika Pembe ya Afrika walishaona gharama ya habari mbaya. Septemba 2000 homa hii ilizuka Jizan, Saudi Arabia, na nchi jirani ya Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika, na kwa Somalia marufuku hiyo ilidumu hadi 2009. Familia zilizotegemea meli za bandari ya Berbera zilipoteza soko kwa karibu muongo mzima. Kumbukumbu za namna hiyo husafiri pamoja na misafara.

Tena Kaskazini Mashariki si mahali ambapo neno la serikali hupokelewa bila maswali. Hali ya hatari iliyotangazwa miaka ya 1960 iliondolewa mwaka 1991 tu. Mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, yaliyofanywa na vikosi vya serikali, bado yana mayatima walio hai Wajir. Kwa mzee aliyekua akisimamishwa kwenye kizuizi na kudaiwa kitambulisho, karantini inayosimamiwa na askari wenye bunduki haionekani kama huduma ya afya, hata kama ndivyo ilivyo. Atakayetaka mzee huyo aseme ukweli kuhusu zizi lake hana budi kuja na kitu mkononi kwanza.

Nacho kitu hicho kinaweza kupatikana. Eneo hili tayari lina utaratibu wa kulipa watu kwa kufuata kinachoonekana kwenye picha za setilaiti. Machi 2014, kampuni ya Takaful Insurance of Africa iliwalipa wafugaji wa Wajir waliokata bima ya ukame inayofuata misingi ya Kiislamu. Malisho yalipokauka kupita kiwango kilichokubaliwa, malipo yakatoka bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wa kitaifa wa bima ya mifugo, ukianzia Turkana na Wajir. Kama setilaiti inaaminika kuonyesha ukame na kuamua malipo, inaweza pia kuonyesha mafuriko yanayotangulia homa. Malipo ya karantini yafungwe kwenye tangazo lenyewe la karantini: siku soko linapofungwa kisheria, kila kaya iliyosajiliwa katika eneo hilo ipokee kiasi kilekile kwa simu, kila wiki, hadi soko lifunguliwe.

Kuna watakaosema kwamba fedha zitaalika udanganyifu, kwamba kila mbuzi atakayetupa mimba ataitwa mgonjwa wa homa. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake lilipatikana wakati wa ndui: zawadi ilitolewa baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Sampuli ya damu kutoka kundi la mifugo ipimwe maabara, na anayetoa habari ya kwanza ya kweli alipwe zawadi yake kando ya malipo ya wote. Habari za uongo zitagharimu mafuta ya gari na muda wa afisa. Habari zilizofichwa zilishagharimu zaidi ya hapo.

Kwa maana ugonjwa haukuondoka. Mwaka 2018 ulirudi Wajir, na kati ya Novemba 2020 na Februari 2021 uliwaua watu 11 katika taarifa zilizotoka Isiolo, Mandera, Garissa na Murang'a. Kila mara mtiririko ni uleule: mvua, mbu, mimba kutupwa, wafugaji kuugua, kisha Nairobi kutangaza. Mabunge ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hupitisha bajeti kila mwaka kabla ya mvua za vuli. Wawakilishi wa wadi wanayajua mazizi hayo, wengi wao wamezaliwa humo. Watenge fungu la karantini katika bajeti ijayo, waidai Wizara ya Kilimo na Mifugo mchango wake, na wawatangazie wapiga kura wao kiasi cha malipo kwa Kisomali na Kiswahili, redioni na misikitini, ili mfugaji ajue atalipwa nini kabla ya kondoo wa kwanza kutupa mimba.