Barua kutoka Michigan: Juu ya Kukata Kushoto kwenye Taa

Kwa ndugu, jamaa na masahibu zangu mlioko Dar es Salaam, Tanga na kwingineko nyumbani,

Katika nyaraka zenu mmeniuliza ni jambo gani limtaabishalo zaidi mgeni anaposhika usukani katika nchi hii, nanyi wenyewe mkakisia kwamba ni theluji, au zile barabara kuu ambazo magari hupita kwa kasi ya kutisha. Na mimi, baada ya kulitazama jambo hili kwa makini, nimeona nikujibuni nyote kwa waraka mmoja, kwa kuwa jibu langu haliihusu Marekani peke yake, bali lina faida kubwa kwenu ninyi mnaoishi katika miji inayokua upesi kuliko njia zake. Limtaabishalo mgeni, na mwenyeji kadhalika, ni kukata kushoto kwenye taa wakati wa msongamano.

Mwajua kwamba huku magari hupita upande wa kulia. Anayekata kulia, basi, hana kazi kubwa, maana huambaa ukingo wa njia na kuingia anakokwenda bila ya kuupasua mkondo wa mtu. Ama anayekata kushoto, yeye hana budi kuyakatiza magari yanayomkabili, kisha avuke kivuko ambacho waenda kwa miguu wameruhusiwa kupita na taa ile ile iliyomruhusu yeye. Kwetu mambo ni kinyume, kwa sababu tunapita kushoto, na kona nzito kwetu ni ya kulia. Kwa hiyo kila nitakalolisema hapa juu ya kushoto, ninyi lisomeni kuwa ni kulia, na hukumu yake ni ile ile.

Msidhani kwamba nakuza jambo dogo. Idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa barabara za hapa ilichapisha mwaka 2010 uchunguzi juu ya ajali za njia panda, na ikaonekana kwamba katika ajali zilizochunguzwa, kiasi cha 22 kwa mia zilitokea pale gari lilipokuwa likikata kushoto, ilhali zile za kukata kulia hazikutimia hata 2 kwa mia. Kampuni ya UPS, ambayo magari yake ya rangi ya kahawia huzagaa kila mtaa yakipeleka vifurushi, huwapangia madereva wake njia za kuepuka kukata kushoto kila inapowezekana, hata ikiwa gari litazunguka kidogo, kwa kuwa imepima na kuona kwamba kungoja katikati ya njia panda hula mafuta, hula wakati, na huleta madhara.

Sasa nikuelezeni namna jambo lenyewe lilivyo. Taa ikiwa kijani ya duara, bila ya mshale, haimpi anayekata kushoto haki ya kupita. Humpa idhini tu ya kusogea hadi katikati na kungoja, mpaka wanaomkabili wamalizike au ipatikane nafasi iliyo salama. Hapo ndipo ilipo elimu yote. Hapa Michigan wameletwa wakimbizi wengi wa Kongo, hasa katika miji ya Lansing na Grand Rapids, na baadhi yao wamekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, ambako waliyaona magari yakipita kushoto, baada ya kuzaliwa Kivu ambako hupita kulia. Na ninapoketi karibu nao wanapojifunza kuendesha, neno la kwanza ninalowausia ni kwamba anayengoja katikati aweke magurudumu yake yakiwa yamenyooka, asiyapinde kabla ya wakati, kwa sababu akigongwa kwa nyuma na gari la mtu aliyeghafilika, magurudumu yaliyopindwa yatampeleka moja kwa moja mbele ya magari yanayokuja, na yaliyonyooka yatamsukuma mbele tu. Wengi waliokwisha kuendesha kwa miaka hawakuwahi kuambiwa neno hili, na laiti lingefundishwa kila mahali panapotolewa leseni.

La pili ni macho. Anayekungojea upande wa pili, naye pia akitaka kukata kushoto, gari lake hukuziba usione yajayo nyuma yake. Na ule mwimo ulio baina ya kioo cha mbele na mlango hukuficha mtu anayevuka kwa miguu, hasa mtoto au mtu mfupi, katika nukta ile ile unayoanza kuzungusha usukani. Dereva aliyengoja sana huyakodolea macho magari, akatafuta mwanya, na mwanya ukipatikana huuparamia, wala hakumbuki kwamba mwisho wa kona yake kuna kivuko na kuna binadamu. Kwa rai yangu hili ndilo kubwa kuliko yote, maana magari mawili yakigongana huenda wenyewe wakatoka na michubuko, lakini mama aliyeshika mkono wa mwanawe hana chuma cha kumkinga.

Na la tatu ni mtego wa manjano, ambao wahandisi wa hapa wameuhangaikia kwa miaka mingi. Mtu yuko katikati ya njia panda, anangoja, taa yake inageuka manjano, anadhani, na dhana yake ina mantiki, kwamba wanaomkabili nao wamepata manjano na sasa watasimama, anakata. Kumbe taa imepangwa upande wa pili uendelee na kijani kwa nukta kadhaa zaidi, na gari linalokuja halina sababu ya kupunguza mwendo. Hapana aliyevunja sheria kwa kusudi, na hata hivyo watu hufa. Dawa yake ni mshale wa manjano unaowaka na kuzimika, ulioingizwa mwaka 2009 katika kitabu cha taifa cha kanuni za alama za barabarani, ambao humwambia anayekata kwamba pita ukiona pana salama lakini wewe ndiwe mwenye wajibu wa kupisha, na ambao huendelea kumetameta kwa kufuata taa ya wanaomkabili, si taa ya wale walio kando yake. Jambo dogo la umeme, lakini limefikiriwa na watu walioketi wakajiuliza dereva anaona nini na anadhani nini.

Watu wa Michigan, lakini, walikwenda mbali zaidi, nami nawasifu kwa hilo. Walitambua kwamba kila ukimpa anayekata kushoto mshale wake, wakati huo umeuchukua kutoka kwa wengine, kwa sababu njia panda moja ina wakati mmoja tu wa kugawanywa. Ukigawa mafungu mawili, foleni huenda. Ukigawa manne, kila mtu hungoja zaidi. Basi tangu miaka ya 1960, katika barabara zao pana kama Woodward na ile ya Eight Mile iliyo mpaka wa kaskazini wa Detroit, waliiondoa kona ya kushoto katika makutano yenyewe. Mwenye kutaka kukata kushoto hupita taa moja kwa moja, huendelea kiasi cha mita mia mbili, hugeuka nyuma katika upenyo uliotengenezwa kwenye ule uwanja wa majani ulio katikati ya barabara, kisha hurudi na kukata kulia kwa wepesi. Mgeni huona kwamba anapotezewa wakati, lakini taa hubakia na mafungu mawili, na kule kukatizana uso kwa uso hakupo tena.

Nina hakika mmoja wenu atasema, basi na tufanye hivyo hivyo Dar es Salaam. La, ndugu zangu, si kila la wenzetu latufaa. Njia hii yahitaji uwanja mpana katikati ya barabara, na katika Barabara ya Morogoro uwanja huo mmekwisha kuupa mabasi ya mwendokasi tangu mwaka 2016, na ni uamuzi mwema, kwa kuwa basi moja hubeba watu ambao wangejaza magari madogo mengi. Kwa ajili hiyo anayekata kulia pale huvuka njia mbili za mabasi pamoja na mkondo mzima wa magari yanayomkabili, na yule dereva wa basi, aliyezoea kwamba njia yake ni yake peke yake, huja kwa mwendo. Mahali kama pale haifai kumwachia mtu atafute mwanya kwa ujasiri wake. Apewe mshale wake, apewe na kipande cha njia cha kungojea kisichowazuia wanaokwenda moja kwa moja, na mabasi yasimamishwe wakati huo.

Nimetazama pia daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, nikafurahi kama alivyofurahi kila mtu wa pwani. Lakini angalieni vema mtaona kwamba limewanyanyua wanaokwenda moja kwa moja kwa Barabara ya Nyerere, na wale wanaokata wamebaki chini, kwenye taa zile zile. Daraja ni jambo tukufu, nalo hugharimu fedha nyingi. Kupanga upya mafungu ya taa hugharimu siku chache za mtu mwenye maarifa na saa.

Nanyi mnajua nini hufanyika pale ambapo taa haikumpa anayekata wakati wake. Huja trafiki, husimama katikati ya jua na moshi, huipuuza taa, na hugawa njia kwa mkono. Sisemi neno dhidi yake. Huifanya kazi ngumu kwa mwili wake mwenyewe, na lau si yeye jioni yote ingekwama. Walakini yafaa tukumbuke kwamba taa ya rangi tatu ya kuongoza njia panda yenye pande nne iliwekwa hapa Detroit mwaka 1920 na askari, jina lake William Potts, ambaye aliyaona makutano na magari kwa macho ya mtu aliyesimama humo, akataka chombo kiifanye kazi ile. Miaka mitatu baadaye, huko Cleveland, Garrett Morgan, mtu mweusi, alipata hataza ya chombo chake ambacho kilikuwa na hali ya kuwasimamisha watu wa pande zote kwa pamoja, ili njia panda isafishike na wenye miguu wavuke. Fikra yake hiyo ingali hai katika ile nukta moja au mbili ambapo taa zote huwa nyekundu, na aliyebaki katikati hupata kumaliza kona yake.

Kwa hivyo nawaombeni wale mlio na sauti mbele ya madiwani, na wale mlio wahandisi, na wewe mpwa wangu uliyeingia kazini katika jiji mwaka jana: simameni kwenye makutano saa kumi na moja ya jioni, mhesabu ni magari mangapi yanayotaka kukata kulia katika kila zamu ya kijani, na ni mangapi yanayopata. Hesabu hiyo ipelekeni kwa trafiki wa pale, maana yeye aijua kabla hamjaandika, mkamwombe awaelezeni ni upande gani anaoupa mkono wake muda mrefu zaidi na kwa nini. Kisha taa ipangwe kwa kufuata maneno yake. Mkikwama katika jambo la ufundi niandikieni, nitawauliza watu wa huku wanaolijua, na majibu yao nitakuleteeni bila ya kukawia.

Wasalaam, nami ni ndugu yenu awapendaye,
Michigan