Mmea Ule Ule, Jina Jipya: Usiwacheke Wataalamu

Panda Mlima Kenya, pita msitu, pita mianzi, endelea hadi baridi ikung'ate masikio. Utakuta mimea iliyosimama kama nguzo, imevaa majani makavu mwilini kama koti kuukuu, na kichwani ina fungu la majani mabichi. Amini usiamini, hiyo ni jamaa ya alizeti.

Kwa miaka mingi iliwekwa kwenye jenasi ya Senecio, ukoo wa spishi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa vijimea vya kawaida tu. Mwaka wa 1978 Msweden Bertil Nordenstam akaipa jenasi yake, Dendrosenecio. "Dendro" ni mti kwa Kigiriki. Sasa nguzo yetu inaitwa Dendrosenecio keniodendron, jina refu kama foleni ya Thika Road jioni.

Mwenzake mfupi, mwenye majani kama kabichi, aliitwa Senecio brassica. Kumbe tayari alikuwa na jina la awali, keniensis. Sheria ya botania ni ya aliyetangulia, kama kiti cha dirishani kwenye matatu. Brassica ikatupwa.

Najua utasema hawa watu hawana kazi. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuwatetea, lakini nawatetea. Mwaka wa 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha utafiti wa DNA za majitu haya. Walipendekeza kwamba yalianzia Kilimanjaro kama miaka milioni moja iliyopita, yakasambaa mlima hadi mlima. Yanayofanana sura kwenye milima tofauti si lazima yawe ndugu wa karibu. Macho peke yake hayangekuambia hivyo.

Na hapo si mchezo wa majina tena. Milima inazidi kupata joto, na mmea wa kileleni hauna pa kuhamia. Ukichanganya spishi mbili chini ya jina moja, ile adimu inaweza kuisha huku hesabu ikionyesha mambo ni poa.

Hapa Nairobi, kwenye Makavazi ya Kitaifa, kuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa. Wewe unayesoma botania, nenda uulize namna ya kuitumia, maana majina mengi ya mimea yetu yaliamuliwa na wageni. Na wewe wa kupanda mlima na simu, ukiposti picha andika majina yote mawili, la zamani na jipya, pamoja na mlima na urefu ulipoipigia.