Bei Imefungwa, Kazi Imeachwa Wazi

Uko mkataba mmoja mdogo unaowaumiza wafanyabiashara wetu wa chini kuliko wanavyodhani, nao aghalabu haujaandikwa popote. Ni ule wa mwenye duka na mhasibu wake: "Nilipe kiasi hiki kwa mwaka, mambo ya TRA niachie mimi." Wanapeana mikono na bei imefungwa. Kazi yenyewe haijatajwa.

Sipingi malipo ya mkupuo. Nayaona ni ya haki kuliko kutozwa kwa kila karatasi na kila simu, kwa sababu anayejua kwamba kila swali lina gharama huacha kuuliza, na swali lisiloulizwa Februari huzaa faini Julai. Bei inayojulikana mapema humwezesha seremala wa Keko au muuza vipuri wa Kariakoo kupanga matumizi yake.

Ninachopinga ni kuifunga bei na kuiacha kazi wazi. Mhasibu aliyekwisha kupokea fedha yote, bila kuahidi lolote kwa maandishi, hufaidika kwa kila saa asiyofanya kazi. Si lazima awe mtu mwovu. Mapatano yenyewe ndiyo yanayomvuta huko. Matokeo tunayajua: risiti hulala katika mfuko wa rambo miezi kumi na miwili, kisha hesabu za mwaka mzima hupikwa kwa siku mbili.

Wapo wanaosema mfanyabiashara mdogo hahitaji zaidi ya hapo. Kalenda ya kodi inawakanusha. Mwenye wafanyakazi hutakiwa kupeleka kodi ya mishahara ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Aliyesajiliwa VAT huwasilisha ritani ifikapo tarehe 20. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne. Wajibu huu utatimizwaje na mtu anayeonekana mara moja kwa mwaka?

Hata mdogo kabisa hupoteza. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mtu binafsi mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka hulipa shilingi 100,000 asipokuwa na kumbukumbu. Akiwa nazo, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 angelipa 30,000 tu. Hizo 70,000 za ziada ni gharama ya kukosa daftari. Mhasibu asiyemweleza mteja wake jambo hili amemuuzia nini?

Mambo yakiharibika, TRA haimtafuti mhasibu. TIN ni ya mwenye biashara; deni, riba na faini ni vyake. Sheria inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka 5, lakini nimekutana na wengi wasio na hata nakala moja. Kila kitu "kiko kwa mhasibu", na mhasibu hapokei simu.

Wahasibu, wakiwamo niliowafundisha, hunijibu kwamba wateja hupunguza bei hadi haitoshi kitu. Ni kweli, na rahisi ni ghali. Hata hivyo, mtaalamu anayekubali bei isiyotosha kazi hana budi kusema ni kazi ipi hataifanya. Kuikata kimyakimya ni udanganyifu, hata kama mteja alikuwa bahili.

Dai langu ni dogo: ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliotiwa saini na pande zote mbili. Utaje kazi zipi zitafanywa na tarehe zipi, nani atabeba faini inayotokana na uzembe wa mhasibu, na kwamba nyaraka halisi zitabaki kwa mwenyewe. Malipo nayo yagawanywe kwa miezi, kama kazi ilivyogawanyika. NBAA, bodi inayosajili wahasibu kwa sheria ya mwaka 1972, iandae kielelezo cha ukurasa huo.

Nawe mwenye duka, usitoe shilingi kabla ya saini. Anayetaja bei na kukataa kutaja kazi amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyokuhudumia.