Kivuli na baraza mtaani ni sadaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, maghorofa ya Michenzani, Ng'ambo ya Unguja, yalibuniwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na yakaanza kujengwa wakati wa uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume, aliyefariki mwaka 1972. Nia ilikuwa njema: kumpa mnyonge makaazi bora badala ya nyumba ya udongo. Lakini nyumba ile ya udongo ilikuwa na baraza mbele yake, na baraza haikupanda ghorofani. Mzee aliyekuwa akiitikia salamu za wapita njia na kumkanya mtoto wa jirani, akahamia juu. Chini pakabaki saruji isiyo na mwenyewe.

Pasipo na mwenyewe hutupwa taka, na penye kiza hapapitiki kwa amani. Iwe Michenzani au mtaa mwingine wowote wa maghorofa, hapo ndipo wanapocheza watoto wetu.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, mabomba, mapaa na mitaro mikuu hayabebeki na wakaazi. Ila taa ya ngazini, baraza ya watu wanne, mfuniko wa shimo na mwarobaini mmoja havimngojei mkandarasi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani, na kuwa Muislamu apandaye mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ametuonya pia tusichafue njia wala kivuli cha watu.

Basi majirani wa ngazi moja wakutane na wachague jambo moja tu. Waulizwe kina mama na watoto, kwani wao ndio wajuao panapotisha na panapounguza jua. Kisha waandike nani atamwagilia mti na nani atabadilisha balbu. Wakfu usio na msimamizi hufa, na mche usiotiwa maji hauvuki kiangazi.

Jirani ana haki kubwa juu yetu. Tusimwachie mlangoni kiza na jaa, nasi tunao uwezo wa kumpa taa na kivuli.

Wabillahi tawfiq.