Tuuamkie Mto Pangani

Ndugu msomaji uliyezaliwa ukingoni mwa Mto Pangani, ni lini mara ya mwisho uliutembelea mto wako? Sisemi kuvuka na kivuko kwenda Bweni huku macho yako yapo kwenye simu. Nasema kutoka baada ya swala ya alfajiri, umande ungali majanini, ukaufuata ukingo kwa miguu toka kwenye mikoko hadi minazini, bila haja nyingine ila kuutazama.

Wako watakaosema hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Mimi nasema ni wajibu wa kila mtu mzima, nami nina hoja.

Mto huu hutoka mbali. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kisha huteremka Korogwe, yakapita mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, ndipo yatufikie. Njiani kila mtu huchota: mwenye miwa, mwenye mpunga, mwenye mboga, na miji nayo inakua. Siwalaumu, maana nao wana watoto. Lakini sisi wa mwisho hupata masazo, na masazo yakipungua, bahari hupanda mtoni wakati wa maji kujaa, chumvi ikafika mashambani ambako wazee wetu walimwagilia bila hofu.

Hayo hayasomeki vizuri katika taarifa za ofisini. Huonekana asubuhi: mnazi uliopukutika makuti, kisima kilichoachwa, visiki vya mikoko mahali ambapo kamba na samaki wadogo walikuwa wakijificha. Mtega kaa akupitaye hapo na mtumbwi wake anajua chumvi imefika wapi mwezi huu. Msalimu, umuulize. Na ukiwasikia mdiria na yangeyange, simama kidogo. Furaha nayo ni sababu ya kutosha ya kulinda kitu.

Ipo pia sheria ambayo miguu yako yaweza kuipima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto. Hizo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zihesabu, kisha tazama umevuka nini: bustani, tanuri la matofali, msingi wa nyumba? Huenda shamba ni la shemeji yako. Hata hivyo sema naye, kwa upole, kabla masika hayajaubomoa ukingo huo.

Enyi walimu, watoeni watoto madarasani wakauone mto. Enyi wenyeviti wa vijiji, tembeeni kabla ya kuitisha mkutano, hasa kiangazi, wakati wa bamvua, mkaandike mahali pa mwisho ambapo maji yaliuma ulimi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ina makao yake Moshi, mbali na chumvi yetu. Mwenye daftari la namna hiyo aende nalo huko, aulize waziwazi: katika vibali vya maji vinavyotolewa kila mwaka, sisi wa mdomoni mwa mto tumewekewa kiasi gani?