Mtoto Mfupi, Mama Asingiziwa!

Wiki hii nina lawama, na simung'unyi maneno.

Juzi nilikuwa kwenye basi kutoka Mwanza kuja Dar. Tulipoiacha Shelui na kuanza kuukwea mlima Sekenke, mwendo ukapungua, nikasikia minong'ono kiti cha nyuma. Kisa? Dada mmoja aliyempakata mtoto mwenye paji pana na mikono na miguu mifupi.

"Yule baba pembeni yake mrefu kama mlingoti. Huyu kazaa na nani?"

Mwingine akadakia, "Karogwa huyo!"

Jamani! Hebu tuelimishane hapohapo mlimani.

Mfupa wa mtoto hurefukia karibu na ncha zake, penye gegedu, kile kitu cheupe unachokitafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Seli za gegedu hujipanga foleni, huzaana, huvimba, kisha mfupa huchukua nafasi yao. Kazi hiyo ina breki yake, jeni iitwayo FGFR3. Herufi moja tu ya jeni hiyo ikibadilika, breki inanasa. Ni sawa na dereva apande Sekenke huku kavuta hendibreki: injini nzima, mafuta tele, mwendo hakuna. Foleni ya seli inakuwa fupi, na mfupa nao unabaki mfupi. Hali hiyo huitwa akondroplasia, na jeni yake ilibainika mwaka 1994.

Sasa wambea wafunge midomo. Kati ya watoto 10 wenye hali hii, kama 8 huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida. Badiliko hutokea upya, tena kwa kawaida kwenye mbegu ya baba, hasa umri ukisogea. Mama hana kosa! Akili ya mtoto nayo haina tatizo. Ila akikoroma sana au kukatika pumzi usingizini, awahishwe hospitali, maana tundu la chini ya fuvu likiwa dogo hubana uti wa mgongo.

Tangu mwaka 2021 Ulaya na Marekani zimeidhinisha sindano ya vosoritide, inayolegeza breki hiyo kwa watoto wanaokua. Bei yake si ya mlalahoi. Heshima je? Hiyo ni bure.

Tulipofika juu, basi likachanganya. Dogo akacheka, anapigapiga kioo. Nikawageukia wale wa nyuma, nikawapa darasa hili hili. Kimya mpaka Singida mjini!

Tukutane wiki ijayo. Na ulimi wako uwekee breki.